Hofu Si Ushahidi

*Tafakari ya wiki*
*Masomo: Kumbukumbu la Torati 13:14, Matendo ya Mitume 28:1-6, Waebrania 5:11-14*



Mvua za vuli zinapokaribia, Ukambani mzima huinama shambani. Kuanzia Mwingi hadi Mutomo, kutoka Mbooni mpaka Kibwezi, watu wanafyeka vichaka, wanakusanya mabua ya msimu uliopita na kutayarisha mahali pa mahindi, mbaazi na ndengu. Ni majira hayo ambapo kilio cha "Nzoka! Nzoka!", yaani nyoka kwa Kikamba, husikika kutoka boma hadi boma. Jembe limegeuza udongo, kitu kinene chenye mabaka kimejikunja pale chini, na kabla mtu hajauliza ni nini panga limekwisha kushuka. Watoto wanakuja kutazama. Mmoja anasema ni bafe, mwingine anaapa kwamba ana vichwa viwili. Maiti inatupwa motoni, kazi inaendelea.

Mara nyingine aliyeuawa si bafe hata kidogo. Ni boa mdogo wa mchangani, nyoka asiye na sumu, ambaye maisha yake karibu yote huyapitisha chini ya udongo bila kumdhuru mtu. Wiki hii nawaomba tumtazame kiumbe huyu kwa utulivu, kisha tugeuke tumtazame jirani yetu kwa utulivu uleule. Naamini kosa tunalomfanyia wa kwanza ndilo tunalomfanyia wa pili.

Nyoka mwenyewe

Wataalamu humwita *Eryx colubrinus*. Aliingizwa katika vitabu vya sayansi na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758, kwa nyoka aliyetoka Misri. Makao yake yanaanzia huko kaskazini mwa Afrika na kushuka hadi nchi kavu za Kenya na Tanzania. Nchi yetu ya Kitui na Makueni, yenye udongo wa kichanga, miiba na majabali, ni makao yanayomfaa.

Si mkubwa. Wengi huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 60, na hata jike aliyekomaa sana hafikii mita moja. Dume ni mdogo kwa jike. Mwili ni mnene na wa mviringo. Mgongoni ana rangi ya machungwa au manjano iliyotapakaa mabaka ya kahawia nzito yasiyo na mpangilio. Tumbo ni jeupe. Kichwa chake hakina shingo ya kuonekana, kimeungana moja kwa moja na mwili. Mbele kimechongoka, na taya la juu limetokeza likafunika la chini ili mchanga usimjae mdomoni anapochimba. Macho ni madogo mno, yamekaa kuelekea juu, hivi kwamba anaweza kuuzika mwili wote akabakiza macho na pua tu. Magamba ya mbele ni laini. Kadiri unavyoshuka kuelekea mkiani yanazidi kukwaruza. Mkia ni mfupi na butu, ndiyo maana mtu akimtazama kwa haraka hajui kichwa kiko upande gani, na hapo ndipo habari ya vichwa viwili inapata nguvu. Kando ya tundu la haja ana kucha mbili ndogo, zinazoonekana zaidi kwa dume. Ni mabaki ya miguu ya nyuma.

Tezi ya sumu hana, wala meno ya kuipitishia. Akishikwa vibaya anaweza kuuma, na meno yake madogo yakaacha mikwaruzo inayotoka damu, basi. Chakula chake ni panya, mijusi, na mara mojamoja ndege mdogo. Hulala kimya mchangani mpaka windo lipite karibu, hulidaka kwa mdomo, kisha hulizingira kwa mwili na kulibana hadi lifariki. Hatagi mayai ya kuatamiwa. Huzaa watoto hai, wakiwa tayari na rangi na umbo la wazazi wao, na tangu siku hiyo kila mmoja hujitafutia. Mkulima anayelalamika kwamba panya wamemaliza mahindi katika ghala lake angemhesabu nyoka huyu kuwa kibarua asiyedai mshahara.

Huko Marekani na Ulaya nyoka huyuhuyu huzalishwa na kufugwa majumbani, na katika biashara hiyo anajulikana kwa jina la nchi yetu: boa wa mchangani wa Kenya. Watoto humshika mikononi. Hapa kwetu anakufa kwa panga. Sisemi hivyo kuwasifu wenzetu na kujidharau. Wao hawana bafe katika njia ya kwenda chooni usiku. Nasema tu kwamba kiumbe ni kilekile, na kilichobadilika ni kiasi cha kumjua.

Sisi watu wa Tiva, Thwake na Kaiti tungepaswa kuelewa haraka kuliko wengine kwamba sura ya juu haisemi yote. Mgeni akipita mto wetu mwezi wa Septemba ataona mchanga mkavu, ataandika katika daftari lake kwamba hakuna maji. Mama wa kijijini anajua pa kufukua. Anachimba, anangoja, na maji yanajikusanya polepole ndani ya kishimo. Ni kwa ujuzi huo vikundi vyetu vya kujisaidia vimejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia, na watu wa nchi za mbali wamekuja kujifunza. Basi ikiwa tumejaliwa subira ya kuhoji mchanga, tunashindwaje kumhoji anayeishi ndani yake?

Kufanana kunakoua

Hata hivyo tusiwacheke wenye panga. Bafe yupo, tena yupo karibu. Naye ni mnene na mfupi. Naye ana mabaka. Naye hulala bila kutikisika hata mguu wa mtu unapomkaribia, hutembea usiku na huzaa watoto hai. Vijana hupeana kanuni kwamba nyoka mwenye mboni ya jicho iliyosimama wima ndiye mwenye sumu. Kanuni hiyo inavunjika mara moja: bafe ana mboni ya wima, boa wa mchangani asiye na sumu anayo vilevile, na swila, ambaye sumu yake haina mzaha, ana mboni ya mviringo.

Tofauti zipo, ila zinadai jicho lililofundishwa. Kichwa cha bafe ni kipana, cha pembetatu, na kimejitenga waziwazi na shingo. Magamba yake yanakwaruza mwili mzima. Mgongoni amechorwa alama za V zilizofuatana tangu shingoni hadi mkiani. Akikerwa hujijaza pumzi na kufoka kwa sauti ya kumshtua aliye hatua kadhaa mbali. Anayezijua alama hizi hujua anayemtazama ni nani. Asiyezijua huona nyoka tu, na kwake kila nyoka ni kifo.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha zaidi. Katika udongo huuhuu wa mashariki ya Kenya anaishi nyoka mwingine mchimbaji, wa jamii inayoitwa *Atractaspis*. Ni mwembamba, mweusi au wa kahawia iliyokoza, amelainika na kung'aa, kichwa kidogo, macho madogo. Hana mabaka ya kutisha wala sauti ya kufoka. Ukimwona baada ya mvua utamdhania mnyonge. Lakini ana meno marefu ya sumu ambayo huyatoa kwa pembeni ya mdomo na kuchoma bila hata kuupanua, kiasi kwamba aliyemshika nyuma ya kichwa, kwa namna mafundi wanavyowashika nyoka wengine, bado huchomwa kidole. Wala hakuna dawa maalumu iliyotengenezwa kwa sumu yake.

Mwenye mabaka ya kuogofya hana hatia, na mnyenyekevu wa kuonekana ndiye mwenye sumu. Kwa hiyo sisemi kwamba tuwapende nyoka wote na kuwakumbatia. Mtu anayesema nyoka wote ni wabaya na mtu anayesema nyoka wote ni wema wamefanana kwa jambo moja: wote wawili wamekwepa kazi ya kutazama.

Kazi hiyo si nyepesi hata kwa waliosomea. Kwa miaka mingi swila mkubwa wa kahawia anayetema mate, anayepatikana katika sehemu kavu za nchi yetu na pwani, alihesabiwa kuwa ni swila wa kawaida mwenye rangi tofauti. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu, alikuwa akisema tangu miaka ya 1960 kwamba huyu ni mwingine. Alifariki mwaka 2004. Ndipo mwaka 2007 wanasayansi walipomthibitisha kuwa aina ya pekee, wakampa jina la *Naja ashei* kwa heshima ya mzee huyo. Nyoka wa urefu wa mita mbili na zaidi, mbele ya macho ya watu wenye elimu, na ilichukua miongo minne kukubaliana kwamba hakuwa yule waliyemdhani. Mimi na wewe tunampambanua binadamu mwenzetu kwa dakika ngapi?

Hofu ina sababu zake

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika kaunti ya Kitui msemo huu si wa kupamba mazungumzo. Wapo kati yetu waliopoteza mguu, na wapo waliozika mtoto aliyelala sakafuni. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, huku wengine mara tatu ya hao wakibaki na ulemavu wa kudumu. Wengi wa hao ni watu wa mashambani, wasio na viatu vya kufunika mguu, wasio na gari la kuwafikisha hospitali kwa wakati. Ni watu kama sisi.

Kwa hiyo mchungaji atakayesimama na kuwaambia waumini wake kwamba hofu yao ni upungufu wa imani atakuwa hajawahi kumbeba mgonjwa kwa boda boda usiku. Hofu ni mlinzi aliyewekwa na Muumba. Kazi ya mlinzi ni kupiga kelele kwamba kuna mtu mlangoni. Anapotoka langoni, akaketi kitini na kutoa hukumu, amevuka mpaka wa kazi yake. Hofu si ushahidi. Inaweza kukwambia urudi nyuma hatua tano. Haiwezi kukwambia aliye mbele yako ni nani.

Mwandishi wa Waebrania anawasikitikia waumini ambao, baada ya muda mrefu katika imani, bado wanahitaji maziwa kana kwamba walizaliwa jana. Chakula kigumu, anasema, ni cha watu wazima, wale ambao kwa kutumia akili zao mara kwa mara wamezizoeza kupambanua mema na mabaya. Angalieni anavyokomaza mtu: kwa mazoezi. Hatuambii kwamba kupambanua kutatushukia siku moja katika mkesha wa maombi, tukaamka nako. Ni jicho linalofundishwa kidogokidogo, kwa kutazama, kukosea, kurudi na kutazama tena. Kwa kipimo hicho tunaweza kuwa na miaka thelathini kanisani na bado tukawa watoto wachanga, kwa sababu tu hatujawahi kuliuliza neno lolote tuliloambiwa kumhusu mtu.

Hukumu mbili za Melita

Tazameni sasa kisa cha Paulo katika Matendo 28. Merikebu imevunjika, watu wameogelea hadi ufuoni, mvua inanyesha na baridi imewakaza. Wenyeji wa kisiwa cha Melita wanawawashia moto na kuwakaribisha wote. Luka anasisitiza kwamba ukarimu wao haukuwa wa kawaida. Paulo naye hakukaa kungoja kuhudumiwa. Aliokota mzigo wa kuni, na alipouweka motoni, nyoka mwenye sumu akatoka kwa sababu ya joto, akamng'ang'ania mkono. Kila mwanamke wa Ukambani aliyewahi kwenda kuni anaijua hatari hiyo.

Wenyeji walipoona hivyo walitoa hukumu papo hapo: mtu huyu bila shaka ni muuaji, ameponyoka baharini lakini haki imemfuata hadi nchi kavu. Paulo akamkung'uta nyoka motoni, asipate dhara. Wakaendelea kumtazama, wakingoja avimbe au aanguke ghafula. Walipongoja muda mrefu na kuona hakuna kitu, wakageuka, wakasema ni mungu.

Muuaji, halafu mungu. Hukumu mbili kwa mtu mmoja, karibu na moto mmoja, na zote mbili ni za uongo. Paulo hakuwa huyu wala yule. Alikuwa mfungwa anayesafirishwa kwenda Rumi, mtumishi wa Kristo aliyelowa maji, anayekusanya kuni. Ukweli wake ulikuwa wa kawaida kiasi hicho, na ulipatikana kwa swali moja tu: Bwana, wewe ni nani, na umetoka wapi? Hatusomi kwamba kuna aliyeuliza.

Waliotoa hukumu hii walikuwa watu wema. Hawakuwa wakatili wala wavivu. Ni walewale waliowasha moto na kuwafungulia wageni nyumba zao. Hili ndilo linalonisumbua ninaposoma kisa hiki nikiwa Ukambani. Anayebeba jiwe la kumrushia mtuhumiwa sokoni ni yuleyule aliyechanga katika harambee ya karo wiki iliyopita. Moyo wa ukarimu na mdomo wa hukumu ya haraka vinaweza kukaa katika mtu mmoja kwa amani kabisa, tena akaimba kwaya.

Lakini tuwape watu wa Melita haki yao, maana wana jambo moja wanalotuzidi. Walingoja. Hawakumkamilishia Paulo kile walichodhani haki imekianza. Waliendelea kutazama, na dalili zilipokataa kukubaliana na dhana yao, waliiacha dhana. Sisi mara nyingi hatungoji. Tukishasema mtu ni muuaji, tunahakikisha kwamba hapati nafasi ya kutuonyesha vinginevyo.

Nani amemtuma?

Mtu anapoumwa na nyoka vijijini kwetu, swali la kwanza lingepaswa kuwa: gari liko wapi? Wapo wanaouliza kwanza: nani amemtuma? Kutoka hapo safari ni fupi. Yuko susu mmoja, yaani bibi mzee, mjane, anaishi peke yake, ana ugomvi wa mpaka na shemeji zake, macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Wiki jana alionekana akipita karibu na boma la mgonjwa. Alama za kutisha zimekusanyika, kinachosubiriwa ni panga.

Tusidhani haya ni ya watu wa mbali. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa moto wakituhumiwa uchawi, wengi wao wazee sana. Pwani, katika kaunti ya Kilifi, mvi zimewagharimu wazee maisha. Nasi tunajua yaliyosemwa katika vijiji vyetu, hata pale ambapo hakuna kiberiti kilichowashwa: mzee aliyetengwa kwenye baraza, mama ambaye kikundi chake kilimrudishia michango yake bila maelezo, kijana aliyepigwa hadi akapoteza jicho kwa sababu ya mbuzi ambaye baadaye alipatikana akiwa hai.

Kuna methali tunayoitumia vibaya. Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika vikundi vya WhatsApp methali hii imekuwa hakimu, mwendesha mashtaka na shahidi. Ikiwa ni kweli kwamba lisemwalo lipo, basi yule boa wa mchangani ana vichwa viwili, maana limesemwa mara nyingi. Torati haikuikubali hekima hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati 13, hata katika shtaka zito kuliko yote, la mji mzima kumwacha Mungu, Israeli waliagizwa kwanza waulize, watafute, wachunguze kwa bidii mpaka jambo lithibitike kuwa kweli. Ikiwa Mungu mwenyewe, aliyekosewa, anadai uchunguzi, sisi tunapata wapi haraka yetu?

Na nani angejua uchungu wa jambo hili kuliko sisi? Mkamba akitambulishwa ofisini Nairobi au Mombasa, si ajabu mtu kumtania kuhusu kamuti, uchawi unaodaiwa kuwa wa Wakamba, akijifanya anaogopa kumpa mkono. Tunacheka ili tusiharibu urafiki. Lakini tunajua maana ya kuhukumiwa kwa jina la kwenu kabla hujafungua mdomo. Watu waliojeruhiwa kwa kisu fulani wangepaswa kuwa wa mwisho kukinoa.

Je, nyoka hakulaaniwa?

Najua wapo watakaoniuliza baada ya ibada: Mchungaji, si katika Mwanzo 3 nyoka alilaaniwa, na uadui ukawekwa kati ya uzao wake na wetu? Swali ni halali. Nijibu kwa kifupi.

Kabla ya sura ya tatu kuna sura ya kwanza, ambamo Mungu alifanya kila kitambaacho juu ya nchi na akaona ni vyema. Sura ya tatu haikuifuta ya kwanza. Zaburi ya 148 inawaita watambaao wajiunge katika kumsifu Bwana, pamoja na wafalme na vijana. Yesu mwenyewe, katika Yohana 3, hakuona aibu kufananisha kuinuliwa kwake na yule nyoka wa shaba wa Musa jangwani, na katika Mathayo 10 aliwataka wanafunzi wake wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa hua. Uadui wa Edeni ni vita na yule Mwovu, na vita hivyo vilimalizwa msalabani. Hatuongezi chochote katika ushindi wa Kalvari kwa kumkata mla panya katika shamba la ndengu. Tena Mwovu hafurahii kitu kuliko kutuona tukimshambulia mwenye mabaka asiye na hatia, huku yeye akipita karibu na mlango wetu, mweusi, laini, bila sauti.

Kazi ya wiki

Naomba tufanye mambo matatu.

La kwanza ni la mwili. Fyekeni majani karibu na nyumba, ondoeni marundo ya mawe na kuni ukutani, hifadhini nafaka vizuri ili panya wasialike nyoka ndani. Tembeeni na tochi usiku, vaeni viatu vya kufunika mguu mnapolima, mlazeni mtoto kitandani chini ya neti. Mkimwona nyoka, rudini nyuma na kumpa nafasi aondoke. Akiwa ndani ya nyumba, waiteni watu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Msimshike, hata mkidhani ni boa wa mchangani, kwa maana mmesikia habari ya yule anayechoma kwa pembeni. Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msipoteze saa moja kutafuta jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu wala kumfukuza nyoka. Mtulizeni, mvueni pete na vitu vinavyobana, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na gari liondoke. Kitui na Makueni zina hospitali ambazo zimewapokea wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi. Ombeni mkiwa njiani. Maombi hayajawahi kugombana na injini.

La pili ni la akili. Kila familia ijifunze kumtambua nyoka mmoja kwa alama zake halisi. Wafundisheni watoto tofauti kati ya bafe na boa wa mchangani, kwa picha, kwa utulivu, wakiwa mezani. Mtoto aliyefundishwa kutazama alama nne kabla ya kusema neno moja atakuwa mtu mzima wa kuaminiwa kwenye baraza la chifu.

La tatu ni la moyo, nalo ni gumu. Kila mmoja wetu amekwisha kumhukumu mtu fulani. Kwa wengine ni jirani, kwa wengine ni mkwe, kwa wengine ni mfanyakazi mwenzao wa kabila lingine. Jiulize: mimi mwenyewe niliona nini kwa macho yangu, na nini niliambiwa? Andika mambo hayo mawili pande mbili za karatasi. Ikiwa upande wa kwanza ni mtupu, nenda kamwone mtu huyo kabla ya Jumapili. Huna haja ya kumpa hotuba. Mwulize hali yake, kaa, sikiliza. Inawezekana utagundua kwamba kweli ana sumu. Basi utajua umbali wa kuweka na jinsi ya kumwombea kwa jina la shida yake halisi. Inawezekana pia utagundua kwamba kwa miaka yote hii ulikuwa ukimkimbia mtu aliyekuwa akilinda nafaka yako.

Tuombe

Ee Mungu wetu, uliyewafanya watembeao na watambaao, uliyetupa hofu ili tuishi na akili ili tusiue ovyo: yazoeze macho yetu. Waponye walioumwa, wafariji waliofiwa, wape hospitali zetu dawa na madereva wetu njia salama. Walinde wajane na wazee wetu dhidi ya midomo yetu. Tunapokosea, tupe unyofu wa watu wa Melita wa kubadili neno letu, na kisha utupe kile walichokikosa, ujasiri wa kuuliza. Kwa jina la Yesu Kristo, ambaye naye alihukumiwa kwa haraka usiku mmoja, na ambaye atatuhukumu kwa haki. Amina.